Kipande cha Kuonja

Harufu ya muhogo mbichi uliotoka kumenywa, ukiwa bado na udongo wa mvua kwenye maganda, hunirudisha Chanika, kwenye shamba la bibi yangu, nikiwa na miaka tisa. Bibi alihamia huko kutoka Newala. Kila muhogo tuliochimba aliukata kipande, akakitafuna, akatema. Mtamu uliingia sufuriani. Mchungu aliutenga, kwa sababu ule unaweza kumdhuru mtu. Tuliupanda mpakani makusudi, ili ngedere wakiuonja wasirudi. Akishaonja ndipo aliposema Bismillahi. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiombe tu. "Mungu kanipa ulimi, mama," alinijibu. "Nikiuweka bure atanishangaa."

Masika yale homa ilimwondolea Bibi ladha, hata chai ya tangawizi akaiona kama maji. Akanikabidhi kazi ya kuonja, nami nikatembea kifua mbele. Siku moja mvua ilikuwa inakuja, nikachimba haraka haraka, mingine karibu kabisa na mpaka. Vikonyo vya majani vilikuwa vyekundu kama vya mitamu. Nikaridhika.

"Umeonja yote?"

"Ndiyo, Bibi."

Hakuuliza tena. Alimenya, akatia nazi, akapika huku mdogo wangu Hamisi, wa miaka mitatu, akigonga bakuli kwa kijiko. Bibi alipompakulia yeye kwanza, nilimshika mkono.

"Bibi, sikuonja."

Alilichukua bakuli taratibu kutoka mbele ya mtoto. Akaokota kipande kibichi kilichobaki, akanipa. Uchungu wake ulinikunja uso, nikatema, nikalia. Sufuria nzima tulimwaga, tukanywa uji.

"Sasa nani atakuonjea?" nilimuuliza.

"Wewe. Mwanzo ulikuwa unaniamini mie tu kwamba upo mchungu. Leo umeujua."

Sasa naishi Tegeta, muhogo nanunua sokoni. "Mtamu huo, sista, asali kabisa," muuzaji huniambia, na kwa kweli namwamini. Nikifika nyumbani bado nakata kipande, natafuna, natema, kisha nasema Bismillahi. Wanangu hunicheka. Uchungu wa siku ile nimeshausahau. Ninachokumbuka ni kesho yake, nilipomwambia Bibi, "Huu mtamu, nimeonja," naye akaushika, akaanza kumenya, bila kuniangalia usoni kuhakikisha.