Kioo cha Katikati

Kwanza niliusikia mlio. Ulianzia upande wa Darajani, ukapotea nyuma ya nyumba, ukarudi ukiwa mkubwa zaidi, maana katika vichochoro vyetu sauti haiji kwa njia moja. Hugonga kuta, hurudi, hupanda ghorofani kabla ya mwenyewe kutokea pembeni. Nilikuwa juu nikichambua mchele kwenye ungo, na mikono yangu ikasita. Pikipiki ile nilikuwa nimeshaijua. Ikiwa tupu hulia kavu, kwa haraka. Akiwamo mtu ndani ya kigari chake cha ubavuni sauti hushuka, ikawa nzito, kama ya mtu anayezungumza huku kabeba mzigo. Siku hiyo ilikuwa nzito.

Kamleta, nikajiambia.

Aliyekuwa akiiendesha ni mume wangu. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ujenzi wa maghorofa ya Michenzani, naye alikuwa fundi wa mashine huko. Pikipiki aliipata kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa anarudi kwao: chombo cha magurudumu matatu, mawili ya pikipiki yenyewe, la tatu la kigari kilichofungwa ubavuni, umbo la kiatu, wazi juu, kina kiti kimoja. Kioo cha kukinga upepo kilikuwa kimevunjika zamani. Vilibaki vishikizo viwili vya chuma vilivyosimama mbele ya kiti kama pembe za mbuzi.

Na niliyedhani kaletwa ni mke wake wa pili, aliyemuoa Nungwi miezi michache kabla. Nilikuwa sijamwona. Nilijua kwamba ni mfupi, kwa sababu shangazi yake mume wangu aliniambia hivyo kwa kunifariji. Mimi ni mrefu. Tangu skuli nilikaa nyuma ili wenzangu waone ubao, na hata nilipokuwa mwalimu nilizoea kuinama mlangoni. Jumamosi jioni nilikuwa nakwenda kwenye chumba kimoja nyuma ya maktaba, ambako vijana waliopenda kuandika tulisomeana hadithi. Zangu zote za wakati ule zilikuwa na mwanamke anayengoja dirishani. Mwenzetu mmoja aliniuliza kama nyumba zangu hazijengwi milango.

Basi nilikwenda dirishani. Ndani ya kigari hamkuwa na mwanamke. Mlikuwa na vitu vipana vilivyofungwa magunia, vimekaa kwenye kiti wima, kwa adabu, kama mgeni.

"Nimekuletea vioo," akaita kutoka chini. "Shuka uchague."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mwenye macho."

Alivilaza uani juu ya mkeka, vitatu. Nilivigonga kimoja kimoja kwa ukucha. Cha kwanza kilitoka kwenye lori bovu, kinene, ukingo wake rangi ya maji ya bahari. Kilikuwa kizuri, lakini kizito, na kwa mitikisiko ya mawe kingekuja kupasuka siku moja kikamwangukia mtu mapajani. Cha pili kilikuwa kidogo, kimepindwa kwa ustadi, baharia mmoja alikileta kutoka Mombasa. Hicho kilikuwa cha kijana anayetaka aonekane anakwenda mbio. Cha tatu hakikuwa kioo hasa. Kilikuwa bapa la plastiki ngumu, angavu, zamani bango la duka ambalo mwenyewe alisafiri asirudi, na nyuma yake bado palikuwa na mabaki ya herufi nyekundu. Kilikuwa chepesi. Kingekatika kwa msumeno mwembamba, kingepindika juu ya makaa.

"Hiki," nikasema. "Lakini kisipanguswe kikavu. Kioshwe kwa maji kwanza, la sivyo vumbi litakichora na hakitafaa kitu."

"Ndo maana nkakuletea wewe," akasema, na akacheka kwa furaha kama mtu aliyepewa yeye.

Nilipanda ngazi nikiwa mwepesi. Mchele niliuosha nikiimba. Na hapo, mikono ikiwa majini, ndipo nilipojiuliza: upepo uko wapi? Katika vichochoro vya mjini alikwenda mwendo wa mkokoteni. Kutoka kwetu mpaka Michenzani, au mpaka kwa mama yangu Jang'ombe, hupati upepo wa kuinua hata pindo la kanga. Upepo uko njia ya shamba, baada ya Mahonda, huko ambako barabara inakwisha na kubaki mawe, na vichaka vifupi, na bahari pande zote. Nilikuwa nimechagua kioo cha safari za mwenzangu wa Nungwi.

Wakati wa kula nilimuuliza. "Kile kioo cha nini?"

"Cha upepo."

"Upepo wa wapi?"

"Wa njiani."

"Njia ya wapi?"

"Kula, samaki anapoa."

Lazima niseme kwamba mume wangu hakuwa mtu wa dhuluma. Aliogopa dhuluma kuliko alivyoogopa maradhi. Siku zangu zilikuwa zangu na za mwenzangu zake, na hakuchelewa kuondoka wala kurudi. Akininunulia doti ya kanga, na ya Nungwi ilinunuliwa dukani hapo hapo, rangi ile ile, maandishi yale yale, ili asije akaulizwa kesho akhera kwa nini huyu kapata maua na huyu kapata majani. Wanawake wa mtaani walinisifu kwa kupata mume mwadilifu. Hawakujua lilivyo jambo la kuvaa kanga huku unajua kwamba saa hiyo hiyo, upande wa pili wa kisiwa, kuna mwengine kaifunga kifuani.

Fundi wa vioo alikuwa na karakana Gulioni, mtu wa maneno mengi, shavu limejaa tambuu. Aliniambia niingie kwenye kigari nikae.

"Kaa kama unavyokaa, Bi. Usikae kama unapigwa picha."

Nikalegea. Akaeleza kazi yake: kioo cha namna hii hutazami ndani yake, unatazama juu yake. Ukingo wa juu uwe sawa na ncha ya pua. Hapo upepo unapiga ule mteremko, unaruka, unapita juu ya kichwa, na wewe unaiona njia bila ya vumbi wala mikwaruzo. Kwa kuwa si vyema mwanamume mwengine kuniwekea mkono usoni, mume wangu ndiye aliyeushika uzi kwenye pua yangu, na fundi akauvuta chini mpaka sakafuni. Vidole vya mume wangu vilinuka grisi. Nilifumba macho. Kwa muda ule mdogo kigari kilikuwa changu, na njia yote ya shamba ilikuwa yangu, pamoja na upepo wake.

Mume wangu akaufunga uzi fundo. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa uzi mwengine, nao una fundo.

Fundi alizilaza nyuzi mbili juu ya meza, sambamba. Wangu uliupita ule kwa karibu upana wa kiganja.

"Huu wa nani?" akauliza, ingawa nilimwona kashaelewa.

"Wa nyumba ya pili."

"Basi nikate upi?"

Mume wangu alizitazama zile nyuzi kwa muda mrefu. Nilimtazama yeye. Nilitaka aseme neno moja tu, la kwangu au la yule, nijue.

"Kata katikati," akasema.

"Katikati?"

"Nsimpunje mtu."

Fundi akatema tambuu pembeni. "Nikikata katikati, bwana, kioo kitakuwa cha mke wa tatu. Bora ukamtafute kabisa nimpime, nimalize kazi."

Mume wangu alicheka. Mimi niliangalia ule uzi mfupi. Si katikati iliyoniuma. Iliyoniuma ni kwamba Nungwi, katika ua nisioujua, vidole vile vile vilishika uzi kwenye pua nyengine, na pengine naye alifumba macho.

Ijumaa moja baada ya sala alinichukua mpaka Bububu ili nikijaribu. Ukingo ulinifika kidevuni. Upepo ulipanda ule mteremko wa plastiki na kunipiga usoni sawasawa, kama kitambaa kibichi. Buibui nililishika kwa mikono miwili, macho yakanitoka machozi, midomo ikakauka.

"Vipi kioo?" akapiga kelele juu ya mlio wa pikipiki.

"Kizuri."

Ningesema nini? Angenijibu kwamba si changu peke yangu. Na moyoni nilikuwa nimeshakata shauri, ingawa niliisikia ile katikati: kama mimi kinanipiga, basi aliyepungukiwa na kiganja kinamkaa barabara. Nilimwona. Kila mume wangu alipokuwa njiani naye huko shamba nilimwona moyoni, ametulia, ushungi wake hautikisiki, anaitazama njia juu ya kioo nilichokichagua mimi kwa ukucha wangu.

Asubuhi za siku zangu, akirudi kutoka shamba, nilishuka mwenyewe kukiosha. Maji kwanza, kitambaa baadaye. Kilikuja na ukungu wa chumvi, na vumbi jeupe, na ndani, karibu na ukingo wa juu, kila mara palikuwa na alama ndogo ya mviringo ya mafuta ya nazi. Kipaji cha uso wake. Nikasema huyu huegemeza kichwa. Analala njia nzima kama mtoto, amekingwa, na mimi nafuta alama ya usingizi wake.

Mwenzangu alikuja mwaka uliofuata, akiwa na mimba, kwa ajili ya hospitali. Alipotoka kwa daktari mume wangu alimwacha kwangu mpaka amalize kazi Michenzani. Nilisikia hodi, nikasema karibu, na akasimama mlangoni huku pumzi zimemwishia kwa ngazi.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba."

Alivua buibui. Alikuwa amevaa kanga yangu, yaani yake. Hata mimi siku hiyo nilikuwa nayo. Tulitazamana kanga kwa kanga. Kisha nikaona, katikati ya kipaji chake, alama nyekundu iliyovimba kidogo.

"Umejigonga?" nikamuuliza, nikimmiminia chai.

"Kioo chako hicho."

"Changu?"

"Si kimekatwa kwa kimo chako?" Alisema bila ya kunitazama. "Ukingo unanijia hapa, machoni. Nnaiona dunia nusu. Nkitaka kuiona njia nnanyanyua kichwa nsogee mbele, na tukipiga jiwe kinangonga. Kila safari hivyo hivyo. Leo tangu Mkokotoni nnasema, yule mwanamke mrefu kanifanyia makusudi."

Niliweka buli chini. "Mimi kinanifika kidevuni. Upepo wote ni wangu. Nlidhani kinakukaa wewe sawa."

Sasa alinitazama. Alisimama, akaja ubavuni kwangu, akapima kwa mkono kutoka kichwa chake mpaka bega langu. "Basi anayekaa vizuri mle nani?"

"Fundi alisema mke wa tatu."

Alicheka akiwa ameshika tumbo. Mimi nilikawia, lakini nilicheka. Akaketi tena akafuta macho kwa pindo la kanga.

"Na mimi silali kwa wivu," akasema. "Kila akija ni kile kioo. Hiki kakichagua Bi mkubwa mwenyewe mjini. Hiki hakipanguswi kikavu, mwenyewe kasema. Mpaka kopo la maji kaniwekea uani, la kioo chako."

Sijapata kusikia sifa iliyonikaa tamu kama ile. Nilimtia sukari zaidi bila ya kumuuliza. Kisha akaweka mkono juu ya tumbo, taratibu, kama mtu anayetuliza kitu ndani, na utamu wote ukanitoka.

"Hakiwezi kuongezwa?" akauliza.

"Hakiongezeki. Kinapunguzika tu."

Hapo sote tulielewa kinaweza kumfaa nani. Angeniomba ningekataa; nilikuwa nimeshaliandaa neno. Alikunywa chai yake, akaangalia ndani ya kikombe, na ile alama kwenye kipaji ikaniangalia mimi.

Mume wangu aliingia baada ya alasiri. Alipotukuta tumekaa pamoja alisimama kizingitini kama mtu aliyekosea nyumba.

"Kile kioo kikakatwe," nikamwambia. "Mpaka kwenye fundo la mwenzangu."

"Na wewe?"

"Mimi nnakwenda kwa miguu."

"Haitakuwa haki."

"Haki yako imemgonga huyu kipaji, na mimi imenipiga makofi njia nzima ya Bububu."

Alimtazama mwenzangu, akaiona ile alama, nadhani kwa mara ya kwanza. "Umeridhika lakini?" akauliza.

"Sikusema nimeridhika. Nimesema kikakatwe."

Si huruma iliyonisemesha. Nilikuwa nimechoka kumwonea wivu mwanamke asiyekuwapo, yule wa katikati, aliyekaa mle kwa raha kila siku wala hakuwa yeyote. Nilitaka wivu wangu uwe na mtu, mtu mwenye uso, mwenye kikombe changu mkononi.

"Nipe uzi wangu," nikasema.

Alipapasa mfuko wa shati akazitoa nyuzi zote mbili, nyeusi kwa grisi, zimeshikana. Alijaribu kuzichambua, akashindwa kujua huu wa nani na huu wa nani. Mwenzangu ndiye aliyezichukua. Alizikung'uta, akazinyanyua juu mbele ya dirisha, na mrefu akanipa mimi.

Alivaa buibui lake. Niliwafuata ngazini mpaka chini, nikiwa nimeuzungushia uzi kidoleni, nikasubiri mpaka mume wangu alipomshika mkono akamwingiza kwenye kigari. Sikutaka kuusikia mlio ukishuka. Kabla hajaiwasha pikipiki niliusukuma mlango, nikaufunga nyuma yao, nikatia komeo.