Mashemeji Waliobadilishana Funguo

Fundi cherehani mmoja alikuwa akiitwa Silinda, naye jina hilo alilifurahia, maana hakuwa na mazungumzo mengine ila ya injini. Gari lake lilikuwa kubwa, la kijani, la tangu enzi za ujana wake: silinda sita, injini ya lita tatu kasoro, nguvu za farasi mia na ishirini, gia tatu tu, na mkono wa gia ubavuni mwa usukani. Shemeji yake kinyozi, mdogo wa mkewe, alikuwa na kigari cheupe cha miaka hiyohiyo: silinda nne, lita moja na ushei, farasi hamsini.

"Hamsini?" Silinda alizoea kumwambia. "Hao si farasi, shemeji, ni punda."

"Punda wangu hawanywi. Wewe ukikaribia kituo cha mafuta, wale vijana wanasimama wima kama wamemwona rais."

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kila Jumapili waliumana hivyo mpaka chakula kikapoa mezani. Siku moja mke wa Silinda aliweka kijiko chini.

"Kila mtu anasifia lake, na la mwenzake hajawahi kuligusa. Badilishaneni funguo, mpande kile kilima cha tangi la maji, mteremke upande wa pili, mrudi. Mkikataa, mtakula barazani."

Silinda alijikunja ndani ya kigari, magoti yakikaribia kidevu, akicheka. Kwenye barabara iliyonyooka kinyozi alimpita na lile la kijani, akampungia mkono. Kilimani ndiyo kabisa: kubwa lilipanda bila kubadilisha gia, dogo likapumua nyuma yake kwa gia ya pili.

Kisha ukaja mteremko wenye kona. Hapo kicheko cha Silinda kilikatika, kikaja kingine. Kigari kilikuwa na nusu tu ya uzito wa lake, nacho kilipinda pale alipotazama. Gia zake nne ziliingia kama sindano kwenye hariri. Mbele yake aliliona gari lake mwenyewe likiyumba kama kabati linaloshushwa ngazi, taa za breki zikiwaka kila kona. Kwenye kona ya mwisho akalipita.

Alifika nyumbani wa kwanza, akajiona kama mtu aliyesifu mapishi ya jirani mbele ya mkewe.

Kinyozi aliingia uani akazima injini, lakini hakushuka. Alikuwa akipapasa kile kiti kipana.

"Shemeji," alisema taratibu, "hili linapanda kilima kama halijui kuna kilima."

"Na hiki kinapinda kabla sijakiambia."

Walitazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono kurudisha funguo. Mke wa Silinda alicheka mpaka akashika nguzo ya lango.

Wiki hiyohiyo walibadilishana kabisa, na hati wakaandikishiana. Mke wa Silinda, ambaye lile kubwa lilimtisha, akasema hiki kidogo angeweza kujifunza kukiendesha. Silinda alimfundisha jioni kwa jioni, kwa subira ambayo wateja wake hawakuijua. Asubuhi mkewe alipokwenda sokoni peke yake kwa mara ya kwanza, Silinda alisimama langoni akisikiliza injini. Gia ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilikwaruza kidogo.

"Klachi, mama," alinong'ona, "kanyaga mpaka chini."

Ya nne iliingia bila kelele, naye akarudi ndani kuchemsha chai ya wawili.