Bi Matundu na kiraka kilichoning'inia juu ya mji

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Alhamisi. Bi Matundu amepiga magoti katikati ya ghala, mkasi mkononi, na hakuna anayethubutu hata kukohoa. Mbele yake, sakafuni, umelala wavu wa buluu wenye urefu wa mita thelathini na sita, kazi ya miezi mitatu ya wanawake wanne. Anatakiwa kukikata katikati kipande alichokifunga yeye mwenyewe.

"Mkinitazama hivyo mtanifanya nikate kidole," anasema bila kuinua kichwa. "Hebu geukeni huko."

Wanafunzi wake watatu wanageuka. Mmoja wao ni mdogo wake wa tumbo moja, ambaye kwa kupenda kusema anaitwa Kasuku. Leo Kasuku naye anautazama ukuta.

Jumapili, siku tatu tu zijazo, wavu huu unatakiwa kuning'inia juu ya makutano makubwa ya mji, ukiwa umefungwa kwenye kuta za majengo manne marefu, watu na magari wakipita chini yake. Manispaa imekubali kufunga barabara siku hiyo moja tu, tangu asubuhi hadi saa saba mchana. Wavu usipokuwa tayari, kamati ya mapambo ya manispaa imeshasema wazi kwamba itanunua turubai la plastiki lenye picha ya maua, na habari za nyavu zisisikike tena.

Na kilichowafikisha kwenye mkasi ni kosa. Si kosa la wanafunzi. Ni la fundi mkuu mwenyewe.

Bi Matundu ana umri wa miaka hamsini na miwili. Jina hilo alipewa na mama mkwe wake, bibi mwenye ulimi mwepesi, siku alipomwona mkwewe mpya anaingia uani na mzigo wa nyavu begani.

"Wenzako wanauza nguo, wanauza masufuria, wewe mwanangu unauza matundu," bibi alimwambia. "Tena unapata wanunuzi!"

Jina likamganda. Na kweli, kwa miaka ishirini na sita aliuza matundu: nyavu za magoli, kwa shule na viwanja vya mitaani. Jozi moja ilimchukua siku nne za kuinama, na malipo yake yalitosha chakula cha nyumba kwa wiki moja, au siku kumi kama hakuna aliyeugua. Mumewe, dereva wa lori, alifariki miaka sita iliyopita. Watoto wawili wamesoma na kuondoka kujitegemea. Nyumbani wamebaki yeye na mama mkwe, wanataniana tangu chai ya asubuhi hadi taa zinapozimwa.

"Nikwambie ukweli," anasema huku akijinyoosha mgongo. "Wavu wa goli hakuna anayeutazama. Watu wanatazama mpira. Wavu wanauona siku ukitoboka, na hapo ndipo wanamkumbuka fundi, kwa matusi."

Mwaka jana ndipo alipotokea mtu aliyeutazama. Msanii mmoja, mwembamba, mwenye miwani mikubwa, aliingia uwanjani mechi ikiendelea, akaenda nyuma ya goli na kuanza kupapasa mafundo ya wavu kwa vidole. Mlinda mlango akamfukuza. Msanii akarudi mapumzikoni, akauliza nani ameufunga. Hakuna aliyejua. Ilimchukua wiki nzima kuupata mlango wa Bi Matundu.

Alimwonyesha mchoro: wavu mkubwa wa nyuzi, buluu inayoanza nyepesi na kuishia nzito, umelala hewani juu ya barabara na tumbo lake likishuka katikati.

"Haushiki samaki, haushiki mpira," Bi Matundu akamwambia. "Sasa unashika nini?"

"Upepo," akajibu msanii.

"Upepo haushikiki, baba. Lakini kama unalipia matundu, mimi ninayo."

Alicheka siku ile, ila usingizi ulimpaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ameombwa kazi ambayo watu wangesimama kuitazama. Analisema hilo bila haya, na machozi yanamlengalenga anapolisema.

Wavu uligawanywa vipande vinne virefu, kila mwanamke chake, viunganishwe mwishoni ubavu kwa ubavu. Kila kipande kina safu mia saba na ishirini, na kila safu ina mafundo mia moja. Mwenye haraka na ahesabu mwenyewe.

Siri ya kazi hii ni kibao. Uzi unazungushwa kwenye kibao kabla fundo halijakazwa, na upana wa kibao ndio unaoamua ukubwa wa tundu. Kibao kikiwa kimoja, matundu yote yanafanana. Mhandisi wa mradi, binti mmoja makini ambaye hata kicheko chake ni cha vipimo, alileta vibao vinne vya plastiki vilivyokatwa kwa mashine, vyote vya upana wa sentimita tano bila kuzidi wala kupungua. Wanafunzi watatu wakavipokea. Bi Matundu akakirudisha chake.

"Mimi nina changu," alimwambia.

Chake ni cha mti mgumu, cheusi kwa jasho, alichoachiwa na shangazi yake aliyemfundisha kazi. Amekitumia tangu usichana. Mhandisi akakipima, akakuta ni sentimita tano kamili, akamrudishia.

Jumatano asubuhi, vipande vinne vilitandazwa sakafuni kwa mara ya kwanza. Vitatu vilifika pamoja kwenye mstari wa chaki ulioonyesha mita thelathini na sita. Cha nne, cha mwalimu, kilikomea njiani. Kilipungua karibu mita moja na nusu.

Bi Matundu hakutafuna maneno. "Nyie mmezidisha safu," aliwaambia. "Nilisema mhesabu, mkawa mnapiga soga. Hesabuni tena."

Wakahesabu, magoti chini, kidole juu ya kila fundo, asubuhi nzima. Wa kwanza akapata mia saba na ishirini. Wa pili vivyo hivyo. Kasuku alihesabu mara mbili kwa hasira, akapata mia saba na ishirini mara mbili. Wakakihesabu na cha mwalimu. Mia saba na ishirini.

Wakaenda kula wakiwa wamenuna. Bi Matundu akabaki peke yake ghalani, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze akachukua kibao cha plastiki cha Kasuku na kukilaza juu ya kibao chake.

Cha plastiki kilizidi pembeni. Si sana, milimita nne.

Nyuzi za pamba za magoli zilikuwa zimekilainisha kibao cha shangazi kwa miaka yote ile bila kukidhuru. Uzi huu mpya, mgumu na mkali, ulikuwa umekila. Kila fundo lilikwangua chembe. Safu za kwanza zilikuwa sawa, za katikati zikapungua unywele, za mwisho zikapungua zaidi, na mkono uliokizoea kibao haukusikia tofauti.

"Nilikwenda nikajifungia chooni," anasimulia. "Nikakaa huko robo saa nzima. Nikawaza: wavu unavutika. Tukiushika wanne tukauvuta, unafika kwenye chaki. Nitasema rangi imeukaza. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Mhandisi hakuwepo siku ile, msanii hajui kufunga hata kamba ya kiatu ikadumu, na barabara ilikuwa inafungwa Jumapili. Fundi wa miaka ishirini na sita angeibakiza heshima yake.

"Halafu nikawakumbuka wale wanaohesabu safu zangu kwa magoti. Nikasema, mficha uchi hazai."

Waliporudi aliwapokea mlangoni. Akawaambia kabla hawajaketi: "Nimewasingizia. Kosa ni langu, ni la kibao changu. Naomba mnisamehe." Wawili wakainamisha macho kwa heshima. Kasuku akakichukua kibao, akakigeuzageuza, akamrudishia dada yake.

"Haba na haba hujaza kibaba," akasema. "Kumbe hupunguza pia."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini, na Bi Matundu anasema kicheko kile ndicho kilichomrudishia nguvu za kumpigia mhandisi simu.

Mhandisi alifika akihema. Alipima, akaandika, akapima tena. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtoto anayemweleza mzazi jambo zito: "Mama, mngeuvuta, hiki kipande kimoja kingebeba mzigo wa vyote vinne. Upepo wa kwanza wenye nguvu ungekipasua. Na chini watu wanapita."

Bi Matundu anakiri kwamba maneno hayo yalimtisha kuliko kosa lenyewe.

Dawa ilikuwa safu ishirini na tisa mpya. Lakini uzi wa buluu ulikuwa umekwisha, na kiwanda cha rangi kilitaka siku kumi. Uliobaki ghalani ulikuwa mweupe. Msanii alishika kichwa. Akaomba, basi, safu hizo nyeupe ziongezwe mwishoni, karibu na ukuta, zisionekane.

"Haiwezekani," mhandisi akasema. "Kule mwisho wavu unasuguana na vyuma. Kiraka kikae katikati."

"Yaani aibu yangu ikae katikati ya mji?" Bi Matundu akauliza.

"Katikati kabisa, mama."

Ndiyo maana leo Alhamisi amepiga magoti na mkasi. Anapumua, anafumba macho kidogo, kisha anaanza kukata. Tundu moja, la pili, la tatu, hadi la mia. Kipande kinaachana kimyakimya. Akimaliza anaufuta mkasi kwa kanga yake, anauweka kando, na kunyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipeni hicho cha plastiki."

Kwa siku tatu anafunga mafundo meupe, mmoja wa wanafunzi akimfuata nyuma kwa safu inayofuata, huku Kasuku na mwenzake wakiunganisha mbavu za vipande vingine. Vidole vyake vya shahada vimefungwa plasta. Hadithi zimerudi ghalani, na Kasuku anadai fidia ya kuhesabishwa mara mbili. Fundo la mwisho linakazwa Jumamosi saa kumi jioni. Wanautandaza wavu kwenye chaki, na safari hii hakuna kipande kinachobaki nyuma. Wote wanne wanakaa sakafuni na hakuna anayeinuka kwa muda mrefu.

Jumapili, makutano ni matupu kama uwanja baada ya mechi. Kreni mbili zinanguruma. Wavu unatoka kwenye lori ukiwa mzigo usio na sura, unapandishwa taratibu, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mhandisi anapiga kelele kwenye redio ya mkononi. Bi Matundu amesimama kando ya barabara na mama mkwe wake, aliyevishwa kitenge cha kutokea na kukalishwa kwenye kiti cha plastiki.

Kona ya nne inakazwa saa tano na nusu. Kreni zinauachia. Kwa sekunde chache wavu unaning'inia tu, umenyauka, na Bi Matundu anashika mdomo. Halafu upepo unapita katikati ya majengo. Tumbo la wavu linajaa, linapanda, linashuka, na buluu yote inatembea juu ya vichwa vya watu, kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati yake ule mstari mweupe unapinda na kunyooka. Watu waliokuwa wakipita kando ya barabara wamesimama. Mwenye baiskeli ameshuka. Hakuna mpira popote, na wote wanatazama wavu.

Msanii, ambaye tangu Jumatano alikuwa hajaacha kununa, anamjia na macho mekundu. "Hata ningekaa mwaka mzima nikichora, kiraka hicho nisingekipata," anamwambia. Bi Matundu anampa mkono.

Anainama kwa mama mkwe. "Umeuona, mama?"

Bibi ameinua kichwa, amekunja uso, anatafuta. Ana miaka themanini na mitatu, na mwaka huu macho yamemwacha mno, jambo analolificha kwa utani.

"Mwanangu, nisikudanganye," anasema hatimaye. "Mimi naona mbingu. Huo wa buluu mnaousema siuoni. Naona kitu cheupe tu, kinacheza pale juu. Ndicho chako?"

Bi Matundu anamwekea bibi mkono begani.

"Ndicho changu, mama."

"Basi nimekiona," anasema bibi, na anaendelea kutazama.

Tayari kuna watu wanaotaka wavu mwingine, wa ukumbi wa stendi kuu ya mabasi, na msanii ameshaanza mchoro. Bi Matundu amekubali kwa sharti moja, naye analitamka kwa msisitizo wa fundi anayejua thamani yake.

"Huo utakuwa mweupe wote, kutoka pembe hadi pembe," anasema. "Na nimewaambia tuanze mwezi huu huu. Macho ya mama hayasubiri kamati."