Pole za Bwana Tucheze

Kwa miaka ishirini na miwili alisoma taarifa ya habari ya saa saba mchana kwenye runinga, akamalizia na michezo, na katika miaka yote hiyo hakuna habari hata moja iliyomkaa kichwani. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Watazamaji walimwita Bwana Tucheze, kwa sababu kila alipomaliza habari aligeukia kamera ya pili, akatoa meno yote nje na kusema, "Na sasa, tucheze!" Mafuriko yamebeba kijiji? Tucheze. Basi limepinduka? Tucheze. Na watu wazima na akili zao wakamwona hodari.

Aliyemfundisha kazi ni kaka wa mkewe, Kipenga, mtangazaji wa mpira tangu enzi za redio. Ndiye aliyemtoa kwenye ukarani wa stoo, akamfundisha kupumua, kutulia, na kutamka majina ya wachezaji wa kigeni bila kujing'ata ulimi. Shukrani aliyopata ni kwamba shemeji yake, alipokikalia kiti cha studio, alianza kuwaambia wanafunzi wa utangazaji kuwa kipaji chake ni cha kuzaliwa nacho.

"Siri yangu ni moja," aliwaambia, kifua mbele. "Macho yanasoma, mdomo unatamka, mimi mwenyewe sipo."

Wanafunzi wakaandika kwenye madaftari. Mkewe aliposimuliwa alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole, maana hata nyumbani hakuwepo.

Sasa Kipenga alikuwa amelazwa wiki ya tatu, sauti imemwishia, na ombi lake lilikuwa moja tu: shemeji aje akae naye nusu saa. Hospitali ilikuwa mtaa wa pili kutoka studio.

"Kesho, mama watoto," Bwana Tucheze alijibu kila asubuhi, akifunga tai mbele ya kioo. "Kesho bila kukosa."

"Hiyo kesho yako haina tarehe?"

"Kazi, mke wangu. Kazi."

Kazi gani! Kusoma maneno yaliyoandikwa na wengine, tena kwa herufi kubwa kama za chekechea.

Siku hiyo mkewe alikuwa akipinda suruali ya mteja, runinga ikiwa mbele yake. Ikaja bei ya saruji, ukaja mgomo wa walimu. Kisha, kwa sauti ile ile ya saruji, mumewe akasoma kwamba mtangazaji mkongwe wa mpira, maarufu kwa jina la Kipenga, amefariki dunia saa sita mchana wa leo. Hakukwama, wala hakupepesa macho. Akageukia kamera ya pili, meno nje.

"Na sasa, tucheze!"

Cherehani ikasimama. Papo hapo simu ikaita, ni binti wa Kipenga kutoka hospitali.

"Shangazi..."

"Nimeshasikia, mwanangu. Mume wangu ameshanitangazia."

Alilia mpaka suruali ya watu ikalowa. Kisha akajitanda mtandio, akapanga nguo kwenye mfuko. Angeweza kuondoka saa ile ile, lakini alitaka kumtazama usoni kwanza.

Saa tisa mumewe akaingia akipiga mluzi, simu yake ikiwa bado imezimwa tangu studio.

"Leo wamenitambua!" alisema, akivua viatu. "Mpiga picha kanipa pole, mama wa kantini kanipa pole. Hata mlinzi wa getini kavua kofia, 'pole sana, mzee.' Wameanza kuelewa kuwa kazi hii inachosha."

"Ukawajibuje?"

"Nikawaambia nimeshazoea." Akaketi, akauliza swali lake la kila siku. "Nilikuwaje leo?"

"Hukukosea hata neno."

Akatabasamu. Ndipo akauona mfuko.

"Unaenda hospitali? Mwambie Kipenga kesho nakuja. Safari hii kweli."

Mkewe akasimama wima mbele yake, akaiga sauti ile ya studio.

"Mtangazaji mkongwe wa mpira, maarufu kwa jina la Kipenga..."

Na mdomo wa Bwana Tucheze, kwa mazoea yake, ukamalizia wenyewe: "...amefariki dunia saa sita mchana wa leo."

Ukabaki wazi. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili alikuwa amesikia habari.

"Pole," mkewe akamwambia, akabeba mfuko wake, akatoka.