Vigingi Vilivyopikia Uji

Uzeeni aliitwa Bibi Vigingi, na wajukuu wake walidhani ni jina tu la mzaha, kama wazee wengine wanavyoitwa. Si mzaha hata kidogo. Jina hilo alilipata angali kijana, mtoto wa kwanza mgongoni, mwaka ambao serikali ya kikoloni iliukata mlima mzima vipande vipande ikawagawia watu wasio na ardhi.

Yeye na mumewe walikuwa hawana hata pa kupanda mchicha. Mume alikuwa mpasua mbao, na walikuwa wakiishi chumba kimoja kwenye kambi ya vibarua, chumba ambacho mmoja akitaka kugeuka kitandani, sharti na mwenzake ageuke. Siku jina la mumewe liliposomwa barazani kwamba amepata shamba, wenzake walirusha kofia. Yeye alimvuta mume mkono akamnong'oneza:

"Usicheke kwa sauti. Wasije wakasema wamekosea."

Ndivyo alivyokuwa. Jema likimjia, kwanza alitazama nyuma yake kuona nani anakuja kulidai.

Serikali iliwapa mabati ya kuezekea, majembe, na ahadi ya mbegu. Kisha ikawapa masharti, na msimamizi wa masharti alikuwa Bwana Shamba, afisa wa kilimo mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka ungedhani inaweza kusimama bila yeye. Alikuja na mpimaji, wakachomeka vigingi katika kila shamba, vijiti vikavu vilivyochongwa ncha, safu moja chini ya nyingine, vikikata ubavu wa mlima. Kila mwenye shamba achimbe matuta kufuata safu hizo, ili maji ya mvua yatulie, yasiteremke na udongo. Matuta yawe tayari kabla ya mvua. Na kigingi kisiguswe na mtu.

Jirani wa juu, bwana mmoja mwenye mdomo mwepesi, alisema hatachimba mlima wa serikali bure. Akang'oa vigingi vyake mchana kweupe, akavitupa mtoni watu wakitazama. Halikupita juma, lori likaja. Vyombo vyake vilipakiwa ovyo ovyo, kitanda miguu juu, kuku wamefungwa fungu moja, mkewe amekaa juu ya magunia amejifunika uso. Tangu hapo, kigingi kilichong'oka hakikuwa kijiti tena. Ulikuwa uasi, na swali lilikuwa moja tu: nani kakutuma?

Basi katika siku hizo hizo mama wa mume, yaani mama mkwe wake, akafika kuwasaidia kulea. Alifika asubuhi, wao wawili wako bondeni wanakata nyasi, mtoto wamemwacha na mke wa jirani mwingine. Huyo jirani alimkabidhi bibi mjukuu wake akaenda zake. Mtoto analia njaa, unga upo, sufuria ipo, kuni hakuna. Bibi akatoka nje kuangaza macho. Akaona shamba zima limejaa vijiti vikavu, urefu mmoja, vimepangwa kwa adabu.

Waliporudi walikuta moshi unapanda na mama amekaa jikoni, furaha tupu.

"Karibuni, wanangu. Uji tayari."

"Shikamoo, mama. Kuni umezipata wapi?" mume akauliza.

"Marahaba. Si hizo mlizozianika shambani! Lakini mwanangu, nani kakufundisha kuanika kuni kwa kuzichomeka chini? Nimeinama mpaka kiuno kimeniomba radhi."

Mume alikaa chini palepale, na mzigo wa nyasi ungali kichwani. Mkewe hakukaa. Aliinama kuangalia majivu.

"Mama, vyote umevitia motoni?"

"Vyote nina wazimu? Vya kesho viko chini ya kigoda."

Vilikuwa vichache, mkono mmoja ulitosha kuvishika.

Walipomweleza, bibi kwanza alicheka. "Serikali kubwa vile inalilia kuni?" Ila alipoelezwa habari za lori, akaweka kikombe chini, na uji wake ukapoa bila kuguswa.

"Nitawaambia ni mimi," akasema.

"Watakuuliza nani kakutuma, mama."

"Nitasema njaa."

"Hawataandika njaa," akasema mume. "Wataniandika mimi."

Wakakata vijiti kwenye ua wa miti nyuma ya nyumba, vibichi, kwa kuwa vikavu havikuwepo. Kisha wanawake hao wawili, mkwe na mama mkwe, wakatambaa shambani wakifunua majani kutafuta matundu ya vigingi vya zamani. Upande wa juu matundu yalionekana vizuri. Lakini katikati, pale penye mbonyeo kidogo, kuku walikuwa wamechakura, na udongo umelala kama hakujawahi kuwa na kitu. Hapo walichomeka kwa kukadiria, mmoja akifumba jicho, mwingine akisema "sogeza, sogeza, basi."

Jirani wa chini akawaona. Huyu alikuwa askari mstaafu, wote walimwita Afande, na shamba lake lilikuwa chini ya mbonyeo ule ule.

"Shemeji! Mnatafuta sindano?"

"Tunatafuta hereni ya mtoto, Afande."

"Hereni! Huyo mtoto ana masikio mapana, maana hereni yake inatafutwa shamba zima." Akajikuna kidevu. "Mimi simo. Lakini mvua ikiniletea shamba lenu mlangoni, mimi na nyinyi tutajuana."

Maneno hayo yalimkaa mke moyoni kama kokoto kwenye kiatu. Kila gurudumu lililolia njiani, alikuwa mlangoni.

Bwana Shamba alikuja kukagua, mpimaji nyuma yake. Alitembea polepole safu ya kwanza, ya pili, na kwenye mbonyeo akasimama. Akainama, akakwangua kigingi kwa ukucha. Gome likatoka na maji.

"Vigingi vyangu vilikuwa vikavu," akasema. "Nani amevigusa?"

Mume alilamba midomo. "Mchwa, bwana. Mchwa wa huku wanakula sana."

"Mchwa wakala vikavu, halafu wakakuletea vibichi?"

Mke alitazama mlangoni kwake, akaona kitanda chao miguu juu kana kwamba kimeshapakiwa. Alikuwa anafungua kinywa aseme ni yeye, mama mkwe akampita ubavuni.

"Ni mimi, bwana. Nilipikia uji."

"Nani alikutuma?"

"Huyu," bibi akasema, akimwonyesha mtoto mgongoni mwa mkwewe. "Na bado hajanishukuru."

Mpimaji alipatwa na kikohozi akageuka upande. Bwana Shamba hakucheka.

"Siwezi kujua kama ni kweli," akasema. "Mpimaji ana milima mingine, hatarudi kwa ajili ya uji wenu. Chimbeni kwa mstari huu mliouchomeka wenyewe. Tuta likishika mvua ya kwanza, sawa. Likipasuka, likamharibia mtu wa chini, mtaondoka."

Habari ilienea mlima mzima kabla ya jua kuchwa. Na kwa kuwa mtu mzima kama mama mkwe hapachikwi jina, jina likamwangukia mkwe: Mama Vigingi. Wengine waliamini kabisa kwamba ni yeye aliyeokota kuni hizo. Hakumsahihisha mtu. Heshima ya mama wa mumewe aliibeba pamoja na mtoto, mgongo ule ule.

Wakachimba. Mikono ilichubuka ikakomaa ikachubuka tena. Tuta likainuka, lakini pale kwenye mbonyeo lilikuwa na tumbo, hata asiyejua kupima aliliona. Walilishindilia kwa miguu kila jioni. Mawingu yalikuja, yakaondoka, yakaja. Mke akimnyonyesha mtoto, jicho liko angani.

Mvua ilianguka alasiri moja, nzito, ya kupiga mabati mpaka watu wasisikilizane. Wakamlaza mtoto kitandani, wote watatu wakatoka mbio. Maji yalijaa nyuma ya tuta, yakatambaa, yakakusanyika kwenye mbonyeo kana kwamba yameitwa. Ukingo ukaanza kumegeka.

"Hapa! Lete udongo hapa!"

"Udongo upi, wote umekuwa uji!"

Bibi akakimbilia ndani, akarudi na magunia, kisha na mkeka wake wa kulalia. Mkwe akaulaza mkeka kwenye ufa, akaukalia yeye mwenyewe, maji yakimpiga kifuani, mumewe akishindilia pembeni. Mara akasikia jembe jingine. Alikuwa Afande, amevua shati.

"Sijaja kwa ajili yenu!" akafoka. "Nimekuja kwa ajili ya mlango wangu!"

Maji yalipita juu kidogo, mekundu, yakateremka kwake. Kisha mvua ikakonda, ikakatika.

Kesho yake Bwana Shamba alifika na viatu vya matope. Alitazama tuta, akatazama mkeka uliochungulia katikati yake. Kisha akaushuka mteremko hadi kwenye tope jipya lililotandaa mpakani mwa Afande.

"Maji yaliingia kwako?"

Mke alimtazama Afande. Hakuthubutu hata kukonyeza.

"Yaliingia, bwana," akasema Afande. "Lakini yalifika yamechoka. Hayakuharibu kitu."

Bwana Shamba alilisukuma lile tope kwa ncha ya kiatu. Mwishowe akaonyesha kwenye mbonyeo kwa fimbo yake.

"Pale pameinama. Pachimbwe upya, juu zaidi, kabla ya siku ya kugawa mbegu."

Akaondoka na njia yake.

Mume alibaki ameduwaa. "Umesikia? Kasema mbegu?"

"Kasema mbegu. Na mbegu hapewi anayefukuzwa."

"Una hakika?"

"Usinifanye nianze kushuku," akasema. Akamfungua mtoto mgongoni, akampa bibi yake, akashika jembe. Akaanza kuchimba upesi, asije Bwana Shamba akageuka nyuma akabadili neno.