Kasi ya Mashine ya Ndani

Mjomba hakumwamini mtu yeyote aliyekalia kiti kinachozunguka. Duka lake la intaneti pale Bariadi lilikuwa na kiti kimoja cha namna hiyo, na aliyekikalia ni mimi, mpwa wake. Aliniahidi kwamba nikiliendesha vizuri mpaka msimu wa pamba uishe, atanipa chumba alichokipanga Dutwa nifungue duka la pili, liwe langu. Nilikitaka chumba kile kuliko kitu chochote. Sharti lilikuwa aniamini, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Maisha yake yote alikuwa karani wa mizani. Alianzia kwenye chama cha ushirika, kisha soko la pamba lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakamiminika kila mmoja na mizani yake, akawafanyia kazi na hao. Aliona waya mwembamba uliofungwa kwenye springi, aliona kidole chini ya sahani, aliona na wakulima wakitia pamba mchanga. Tangu hapo, kila kilichopimwa alikiona kimepunjwa. Kampuni za simu zilipoingia alizishuku nazo, na kwa hilo hatukubishana.

Kompyuta yetu ilikuwa moja, ya mezani, yenye nguvu. Wateja walikuja na flashi zilizojaa virusi, basi nikaweka mashine pepe, yaani kompyuta nyingine inayoendeshwa kama programu ndani ya ile ya kweli. Mteja anatumia ya ndani, akiondoka naifuta na kuirudisha ilivyokuwa. Virusi vikaisha, shida ikawa kasi. Kwenye mashine ya ndani kurasa zilijikongoja. Kwenye kompyuta yenyewe, kwa modemu ileile, zilifunguka mara moja. Kwa hiyo mteja alihangaika, akiondoka nakaa mimi kusoma barua pepe zangu, mambo yanateleza. Mjomba aliyaona yote hayo akiwa mlangoni.

"Mwipwa," akaniambia, "mbona ukikaa wewe inakimbia?"

Nikamweleza habari ya ndani na nje. Alitikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanunuzi.

"Basi kuna mahali panavuja," akasema.

Kuanzia siku ile akahamishia stuli yake nyuma ya mgongo wangu. Nikitoka msalani namkuta ameinama chini ya meza, anafuatisha nyaya kwa kidole. Akanilazimisha nipakue faili lilelile ndani na nje, yeye macho kwenye saa ya ukutani, kama alivyozoea kupima gunia moja kwenye mizani mbili. Ndani tukachelewa vibaya sana. Akaitazama saa, kisha akanitazama mimi. Nilikasirika, na niliogopa pia, maana niliiona Dutwa inaniponyoka.

Nikaiongezea mashine ya ndani kumbukumbu, bure. Nikazima kila programu isiyo ya lazima, bure. Nikaishuku modemu, nikashuku umeme, nikamshuku hata Mjomba mwenyewe kwamba amechokonoa kitu ili anijaribu.

Jibu nililipata kwenye jukwaa moja la mafundi mtandaoni. Mashine pepe haina kadi ya mtandao ya kweli, programu inaiigizia. Yangu ilikuwa inaigiza kadi ya zamani, na kila data ilipopita, kompyuta ilichoka kwa maigizo hayo. Ilikuwepo aina nyingine, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe, isiyojifanya kitu kingine. Nikaizima ya ndani, nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua kadi hiyo, nikaiwasha tena na kuiwekea draiva yake, programu ya kuiendesha.

Mteja wa kwanza alikuwa dada mmoja wa Nassa aliyekuja kuomba chuo cha ualimu. Alimaliza kabla hajakaa sawasawa, akaondoka akicheka. Nikamwita Mjomba tupime upya. Ndani na nje zikalingana. Nilifurahi mno.

"Fundi amekuja saa ngapi?" akauliza.

"Hakuna fundi, Mjomba. Ni mimi. Nimebadilisha kitu kimoja tu."

"Na ulijua pa kugusa."

"Nilijua."

Akasugua goti. Kisha akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba kwenye pamba mizani ikileta matata, karani msafi anasimama pembeni na kusubiri mkaguzi. Anayeinama akainyoosha palepale ni yule anayejua waya aliufunga wapi.

"Sikufukuzi, mwipwa. Utakaa hapahapa, nikuone. Dutwa nitampeleka mtu mwingine."

Akampeleka shemeji yake, mtu mpole, na kompyuta ya mezani kama yetu. Mashine yake ya ndani ilijikongoja kuliko yangu ilivyowahi kujikongoja, na watu wa Dutwa wakaendelea kuja Bariadi kwa baiskeli. Nikajitolea kwenda kumrekebishia. Mjomba akakataa. Alisema yule angalau haibi.