Dogwudi ya Harlan

Harlan Ogle hajawahi kushindwa na kitu, muulize mwenyewe. Alistaafu kiwandani, huku kwetu Tennessee mashariki, akiwa amepoteza kidole kimoja na kupata mashine ya kukata nyasi, ile ya kupanda na kuendesha. Tangu hapo nyasi zake ni fupi kuliko zulia la kanisani.

Mkewe Oleta hakutaka mengi. Daktari alishamwambia macho yake yanaondoka polepole. Akataka dogwudi moja mbele ya dirisha, mti mdogo wa maua ya rangi ya waridi kama ya kwao utotoni, aione kabla ya giza. Harlan akanunua mche, akaupanda mwenyewe. Kwa hilo nampa heko.

Muuza miche alimwonya mbele yangu. "Mzee, huu umebebeshwa. Juu ni waridi, chini ni mti wa mwituni, maua yake meupe. Ukiliumiza shina hapa, juu kutakufa, ubaki na meupe."

"Nimeanza kukata nyasi wewe hujazaliwa," akajibu Harlan.

Kila Jumamosi mashine ikapita ikiligonga lile shina. Nikamwambia juu ya uzio, "Harlan, si uweke matandazo hapo, uache kuukwangua?"

"Matandazo ni ya wavivu, jirani."

Mwaka wa pili juu kukakauka. Chini kukachipua, naye akautangazia mtaa kwamba mti umefufuka kwa mkono wake. Mkono wa vidole vinne, lakini tusimnyime sifa.

Ulichanua Aprili hii, mwaka wa tano, wiki ile ya kijibaridi tunachokiita baridi ya dogwudi. Nilikuwa nimewapelekea mkate wa mahindi. Oleta alikuwa ameegemea kioo.

"Yametoka?"

"Yametoka, mama. Waridi tupu," Harlan akamjibu mkewe.

Yalikuwa meupe pe, kama ya miti yote ya bure kule mlimani.

Oleta akapangusa kioo kwa kiganja. "Harlan, weupe bado nauona."

Miaka mitano nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Nikashindwa hata kumtazama.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na mche mpya pale. Mashine ilikuwa imezimwa mbali, na Harlan alikuwa amepiga magoti yake mabovu, anakata nyasi kwa mkasi wa jikoni.

"Huu utachukua miaka mingapi?" Oleta akamwuliza kutoka dirishani.

"Minne," akasema, bila kuinua kichwa.

Daktari ameyapa macho ya Oleta miwili. Wote wawili wanajua.